MAMBO YA MOTAKAA: Gasketi ya Ekzosi Isiyovujisha Moshi

Asubuhi, mkulima awashapo Land Rover yake ya zamani ili apeleke maziwa, huisikia injini ikigonga tik-tik-tik, mfano wa saa ya ukutani iendayo mbio. Afikapo barabara kuu mlio umekwisha, naye hufurahi akidhani ugonjwa umejiponya wenyewe. Haukupona. Chuma kimepata moto, kikatanuka na kuziba ufa kwa muda. Injini ikipoa ufa hurudi, na kila siku huwa mpana zaidi, kwa kuwa moshi wa moto hula kingo za gasketi mahali pale upenyapo.

Gasketi hiyo hukaa kati ya hedi ya injini na manifoldi, yaani kile chuma chenye matawi kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka katika bomba la ekzosi. Kazi yake ni nzito kuliko ionekanavyo. Moshi wa injini ya petroli ipandayo mlima na mzigo waweza kufika joto la digrii 800 za Selsiasi. Tena manifoldi yenyewe haitulii: chuma cha urefu wa sentimita 50, kikiongezewa joto la digrii 500, hurefuka kwa karibu milimita 3, na kikipoa hurudi kama kilivyokuwa. Basi gasketi hubanwa, na huku ikibanwa husuguliwa.

Wako wasemao ya kwamba kuvuja huko ni kelele tu. Hilo si kweli. Ndani ya moshi mna hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia chumba cha dereva kwa kila tundu lililo katika ukuta wa mbele. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na usingizi. Na yule alalaye garini huku injini ikinguruma, akingoja mvua iishe, huenda asiamke. Kwa motakaa za siku hizi liko na jambo la pili. Ekzosi zake zina kipimo cha oksijeni, na mahali moshi utokapo, hewa ya nje nayo huvutwa ndani. Kipimo hudanganyika, kompyuta huongeza petroli, na mwenye gari hulalamikia bei ya mafuta.

Sasa, ipi inunuliwe? Ile ya rahisi, iliyo mfano wa karatasi ngumu, huungua mapema, na bei yake ndogo hulipwa mara mbili. Ile ya shaba nyekundu ni nzuri kwa fundi mwenye subira: shaba huwa ngumu ikisha kubanwa, lakini ikipashwa moto hata iwe nyekundu kwa mbali, hulainika tena na kufaa kwa kazi. Iko pia ya mabati membamba ya feleji yaliyopangwa moja juu ya jingine. Hiyo ndiyo hodari kuliko zote, ila yataka nyuso zilizonyooka na kulainishwa sana, na injini za zamani hazina nyuso za namna hiyo. Kwa gari la shamba, iliyo bora ni ya grafaiti yenye bati la chuma katikati, maana grafaiti hujaza mashimo madogo ya kutu na huvumilia msuguano.

Ama boksi la sabuni lililokatwa kwa mkasi, hilo halihitaji maelezo. Silikoni nyekundu ya kwenye mrija huwadanganya hata mafundi wazuri. Yafaa mahali pengi pa injini, lakini joto lililo karibu na hedi hulipita lile iwezalo kuvumilia, ikawa majivu.

Kabla ya kulipa, gasketi na ilinganishwe na matundu ya hedi. Tundu la gasketi likiwa dogo, ukingo wake hujitokeza katika njia ya moshi, nao ndio utakaoungua kwanza.

Gasketi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Uingereza iliipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999. Ilowanishwe maji, itolewe pole pole, wala pasipulizwe kwa pampu ya upepo.

Kisha rula ya chuma ilazwe juu ya uso wa manifoldi. Karatasi mbili za daftari zikipenya chini yake, manifoldi imepinda, na hakuna gasketi ya dukani itakayoponya hapo mpaka isawazishwe kwa mashine. Wengi huliruka jambo hili, ndipo gasketi mpya huvuja mwezi wa pili, na lawama humwangukia mwenye duka.

Injini ya Land Rover ya petroli ya lita 2.25, iliyotokea mwaka 1958, ina desturi yake. Manifoldi ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi ziko upande mmoja, zimeunganishwa kwa bolti zake fupi, na zote mbili hulalia hedi moja. Fundi akikaza bolti hizo fupi kwanza, manifoldi moja huinuka kidogo kuliko nzake, na moshi umekwisha pata njia. Ziachwe zikiwa legevu. Nati za hedini zikazwe kwanza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa zamu, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Ndipo zile fupi zikazwe. Nguvu za mkono mrefu wa spana si sifa hapa, kwani manifoldi ni chuma cha kalibu, nacho hupasuka.

Baada ya safari ya kwanza injini iachwe ipoe kabisa, kisha nati zijaribiwe tena, isipokuwa mtengenezaji wa gasketi amekataza. Asubuhi ya pili injini iwashwe ikiwa baridi, na mtu mwingine azibe kidogo mdomo wa bomba la ekzosi kwa kitambaa kinene. Mlio ukisikika hedini, au masizi meusi yakionekana ubavuni mwa manifoldi, kazi irudiwe kuanzia kwenye rula.