Mali Bila Daftari: Jinsi ya Kuchagua Kitunza Kumbukumbu cha Mfukoni

Jioni moja huko Kisoko, katika wilaya ya Tororo, koplo mmoja aliyerejea likizo kutoka kikosini alipanga noti zake mezani mbele ya mkewe. Zilikuwa akiba ya miezi minane. Alikuwa ameona katika duka moja la mjini Busia simu yenye kioo kikubwa, yenye kalenda, daftari, kikokotoo, kamera na mambo mengine ambayo muuzaji aliyataja kwa haraka hata hayakuhesabika. Alisema kwamba kwa chombo kile nyumba yao haitasahau jambo tena. Mkewe, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wa majuma matatu, hakupinga. Aliuliza swali moja tu: "Baba Watoto, katika miaka hii miwili tumesahau nini?"

Swali lile liliwakalisha mpaka usiku. Walikuwa wamesahau chanjo ya majuma 14 ya mtoto aliyetangulia, akapelekwa zahanati baada ya kuchelewa miezi miwili. Walikuwa wamesahau siku ya mwisho ya kulipa karo ya muhula wa pili, na kijana wao mkubwa akarudishwa nyumbani siku nne. Walikuwa wamemkopesha jirani madebe mawili ya karanga za mbegu, na sasa kila upande ulikuwa na hesabu yake. Mwisho, mama aliuliza namba ya uanachama wa mumewe katika chama cha akiba na mikopo. Koplo hakuikumbuka. Ilikuwa katika simu yake ya zamani, nayo simu ile ililowa mvua kambini ikafa na kila kilichokuwa ndani yake.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililomnyamazisha koplo. Lau angalipatwa na ajali kazini, mkewe asingejua aanzie wapi.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi husikia methali hiyo wakafikiri ya kuwa ni ya wenye maduka. Lakini nyumba ya askari nayo ni duka la namna yake: ina mapato, ina madeni, ina tarehe, tena mwenye funguo mara nyingi yuko mbali. Kwa hiyo si ajabu kwamba askari wengi hutamani chombo kidogo cha mfukoni kitakachowatunzia kumbukumbu. Tamaa hiyo ni njema. Kosa huingia pale mtu anaponunua chombo kwanza, kisha akatafuta kazi ya kukipa.

Swali Kwanza, Chombo Baadaye

Vyombo vya namna hii vina historia. Mwaka 1984 kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Organiser, kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ya Marekani ikatoa Newton, chombo chenye uwezo mkubwa kwa siku zile, lakini kilikuwa ghali na kizito kwa mfuko. Mwaka 1996 ikaja Pilot, ambayo baadaye ilijulikana sana kwa jina la Palm. Hii iliingia katika mfuko wa shati, iliandikwa kwa kijiti juu ya kioo, na betri mbili ndogo ziliitosha kwa majuma kadhaa. Ilipendwa kwa sababu ilishika hasa kazi nne na kuzifanya upesi: tarehe, anwani, orodha ya shughuli, na maandishi mafupi. Leo vyombo hivyo vimetoweka madukani, na kazi zake zote zimeingia ndani ya simu.

Uganda nayo ilivitumia, na si kwa fahari. Kuanzia mwaka 2003 wahudumu wa afya wa wilaya za Mbale na Rakai walipewa kompyuta za mkononi za aina hiyo, wapeleke taarifa za magonjwa bila kungoja makaratasi yasafiri barabarani. Katika wilaya ya Tororo, ambako utafiti mwingi wa malaria umefanyika, wadodosaji nao wamepita nyumba kwa nyumba wakiwa na kompyuta za mkononi. Katika kazi kama hizo utaratibu huwa mmoja. Maswali huandikwa kwanza: jina la mtoto, umri, homa, chandarua. Chombo hutafutwa baadaye ili kuyabeba maswali yale. Nyumba yoyote yaweza kuiga utaratibu huo bila gharama.

Basi kabla ya kwenda dukani, mume na mke na waketi pamoja na kuandika mambo yote yanayotakiwa kukumbukwa kwa mwaka mzima. Yatajipanga yenyewe katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni tarehe: chanjo za mtoto za majuma 6, 10 na 14, na ile ya surua ya miezi tisa, mwanzo wa mihula mitatu ya shule, siku za kurudi kliniki kwa mzee mwenye shinikizo la damu, wakati wa kuandaa mbegu kabla ya mvua za Machi na zile za Septemba. Fungu la pili ni majina na namba. La tatu ni hesabu: mapato, matumizi, na madeni ya pande zote mbili. La nne ni maandishi marefu na picha, kama vile masomo, barua za kazi au nakala za vyeti.

Nyumba ambayo haja zake nyingi zimo katika mafungu matatu ya kwanza haina sababu ya kuvunja akiba. Simu ndogo ya vitufe, ile ambayo Watanzania huiita kitochi na Wakenya huiita mulika mwizi, yatosha. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, ilikuwa na tochi, saa ya kuamsha, kikokotoo na ukumbusho wa tarehe, na simu nyingi ndogo za leo zimefuata nyayo zake. Mama anayeuza nguo Busia, akipokea shilingi za Uganda asubuhi na za Kenya mchana, huhitaji zaidi kikokotoo chenye tarakimu zinazosomeka juani kuliko kamera. Lakini binti anayesomea uuguzi, ambaye husoma vitabu na kupokea masomo kwa intaneti, haja yake iko katika fungu la nne. Huyo akinunuliwa simu ya kioo kikubwa, fedha haikupotea.

Mambo ya Kupima Dukani

Mnunuzi akishajua haja yake, na apime chombo kwa mikono yake mwenyewe, asiridhike na maneno ya muuzaji.

Jambo la kwanza ni betri. Umeme haujafika katika kila nyumba ya Kisoko, na kuchaji simu kwa mtu mwingine ni gharama inayorudi kila mara. Simu ya vitufe yaweza kukaa siku kadhaa. Ya kioo kikubwa mara nyingi hudai umeme kila siku. Gharama ya kuchaji kwa mwaka mzima ihesabiwe pamoja na bei, maana hiyo nayo ni bei.

La pili ni ukumbusho wenyewe. Mnunuzi aweke saa ya kuamsha dakika mbili mbele, kisha aizime simu angoje. Simu nyingine za vitufe hulia hata zikiwa zimezimwa; nyingi za kioo kikubwa hazilii. Tena aangalie kama tarehe ya mwezi ujao yaweza kuandikwa pamoja na maneno, si saa tu. Mlio usio na maneno humwamsha mtu bila kumwambia aende wapi.

La tatu ni macho na vidole. Bibi atakayekitumia chombo asimame nacho nje ya duka, kwenye jua, asome namba. Asipoweza, chombo hicho si chake, hata kikisifiwa namna gani.

La nne ni uhalali. Risiti itolewe, na namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15 ionekane kwa kubonyeza *#06#. Namba hiyo ilingane na iliyo juu ya boksi, kisha iandikwe daftarini nyumbani. Simu ikiibwa, mwenye namba hiyo ana ushahidi wa kupeleka kituoni, na mnunuzi wa simu isiyo na karatasi asishangae akiulizwa aliipata wapi.

Neno kwa Mwenye Sare

Askari ana jambo la tano, nalo ni kubwa kuliko yote. Chombo cha nyumbani kibebe mambo ya nyumbani tu. Zamu za lindo, majina ya wenzake, idadi ya silaha, ramani na picha za kambi havina nafasi ndani yake. Mapema mwaka 2018 dunia nzima ilipata somo kutoka kwa Strava, programu ya kupimia mazoezi ya mbio. Ramani yake ya njia za wakimbiaji iligunduliwa kuwa inaonyesha mahali ambapo wanajeshi wa nchi za nje walikuwa wakikimbia ndani ya kambi zao huko Syria, Iraq na Afghanistan. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Vyombo vyao vilikuwa vikiandika kimya kimya kila walipopita. Kwa hiyo mwenye sare akinunua simu ya kioo kikubwa, ajifunze kwanza kuzima kipimo cha mahali alipo, na mtoto anayechezea simu hiyo asiachiwe kutuma picha ovyo. Kitabu cha kazi kibaki kazini, cha nyumbani kibaki nyumbani.

Vilevile namba ya siri ya fedha za simu isiandikwe popote, wala ndani ya simu wala daftarini. Tangu huduma hiyo ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2009, simu imekuwa pia mkoba wa fedha, na hakuna mwenye busara anayefunga ufunguo juu ya mkoba.

Kumbukumbu Isikae Mfuko Mmoja

Hata chombo kizuri namna gani huvunjika, huibwa, huzama. Simu ya koplo ilizama na namba ya chama ndani yake. Ndiyo sababu nyumba yenye chombo cha umeme huhitaji daftari la karatasi zaidi, si kidogo. Daftari liwe na jalada gumu, na mahali pake pajulikane na wote wawili. Kila siku ya mshahara, mambo mapya yaliyomo katika simu yanakiliwe humo kwa kalamu ya wino.

Ndani ya daftari hilo kuwe na ukurasa mmoja ambao askari wengi huuahirisha kwa sababu kuuandika huonekana kama kujitabiria mabaya. Ukurasa huo huandikwa namba yake ya kazi, kikosi au kituo chake, namba ya uanachama katika chama chake cha akiba, iwe Wazalendo SACCO ya wanajeshi au Exodus SACCO ya polisi, jina la mrithi aliyeandikishwa huko, mahali zilipo karatasi za ardhi, na madeni yote, anayodai na anayodaiwa. Kuandika hayo si uchuro. Mjane asiyejua mumewe alikuwa mwanachama wa nini hupoteza mara mbili: humpoteza mume, kisha hupoteza jasho la mume. Na mke naye aandike yake, kwa maana ajali haichagui mwenye sare. Siku ya kuondoka, mambo ya ukurasa huo yasiingizwe katika simu ya safarini. Yabaki ndani ya daftari, na daftari libaki nyumbani.

Usiku ule huko Kisoko mume na mke walikata shauri. Hawakununua simu ya Busia. Walinunua simu mbili ndogo za vitufe za namna moja, ili mmoja akikwama mwenzake aweze kumwelekeza kwa sauti kutoka mbali. Walinunua taa ya jua yenye tundu la kuchajia, na daftari moja la jalada gumu. Fedha iliyobaki ikalipa karo ya muhula uliofuata kabla haujaanza. Jirani aliitwa kwa heshima, hesabu ya karanga ikaandikwa mbele yake, naye akaweka sahihi. Neno likaisha pasipo ugomvi. Kabla ya kurudi kikosini, koplo aliandika ukurasa wake mpaka mwisho, mkewe akausoma kwa sauti, akauliza maswali mawili, akalifunga daftari na kuliweka sandukuni.

Majuma matatu baadaye, alfajiri, simu ndogo ililia katika nyumba ile. Juu ya kioo chake yalikuwapo maneno mawili: chanjo, mtoto. Mama aliwasha moto, akamwogesha mwanawe, akachukua kadi ya kliniki na kushika njia kabla jua halijapanda juu ya mwamba wa Tororo. Mchana mumewe alipopiga simu kutoka kikosini kumkumbusha, mtoto alikuwa amekwisha chanjwa na amelala.