Mwenye Mwili Hakuulizwa



Ndugu zangu, kina mama na kina baba, leo tuambiane ukweli hata kama utauma. Mwanamke akiambiwa ana saratani ya titi, kinachofuata katika nyumba zetu nyingi ni kikao. Mume yupo, kaka zake wapo, mjomba anapigiwa simu. Huyu anasema, "Litolewe lote tupumue." Yule anasema, "Asikatwe, tujaribu miti shamba kwanza." Mwenye titi yuko chumbani analia. Hakuna aliyemuuliza.

Je, hiyo ndiyo shura? Shura ni kushauriana na mhusika, si kumuamulia akiwa nyuma ya mlango!

Wengi wetu twadhani dawa ni moja tu: kukata titi lote. Fikra hiyo ina asili yake. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mmarekani William Halsted, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alieneza upasuaji wa kuondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa pamoja. Aliamini ukikata zaidi ndipo mgonjwa apone zaidi. Madaktari wakamfuata kwa miongo mingi. Ikawa kawaida mwanamke kupewa dawa ya usingizi ili uvimbe upimwe tu, na ikionekana ni saratani, anazinduka hana titi.

Mwaka 1974 mwandishi wa habari wa huko huko Marekani, Rose Kushner, aliugua akaukataa utaratibu huo. Alitaka apimwe kwanza, aambiwe majibu akiwa macho, ndipo aamue. Mwaka 1979 jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, naye akiwa mmoja wa wajumbe, lilikubali kwamba kupima na kupasua ziwe hatua mbili.

Na utafiti unasemaje? Daktari Bernard Fisher na wenzake walifuatilia wanawake zaidi ya 1,800 waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita 4. Wengine walitolewa titi lote, wengine uvimbe tu, wengine uvimbe kisha wakapigwa mionzi. Matokeo ya miaka 20 yalitolewa mwaka 2002: waliobakiza titi hawakufa zaidi ya waliotolewa lote. Mwaka huo huo Umberto Veronesi wa Milan, Italia, naye alitoa matokeo ya miaka 20 kwa wanawake 701, na jibu likawa lile lile.

Lakini tusikie na upande wa pili. Katika utafiti wa Fisher, waliotolewa uvimbe bila mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa kiasi cha 39 katika kila 100. Waliopata mionzi ni 14. Kwa hiyo kutoa uvimbe bila mionzi ni kuacha kazi nusu.

Hapo ndipo sisi tunapobanwa. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, pale Mulago, iliharibika, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Mwanamke wa wakati ule angechagua nini? Hata leo, aishiye mbali na mashine hana hiari kamili mpaka apate nauli na mahali pa kulala. Enyi wanakikao, kazi yenu ni hiyo! Tafuteni nauli, tafuteni wa kubaki na watoto. Kumuamulia si kazi yenu.

Wako watakaosema, "Mwanamke akiwa na hofu hawezi kuamua." Je, wewe huna hofu? Mume anayetishia kuoa kwa sababu mke atabaki na titi moja, na mume anayelazimisha litolewe lote ili yeye apate usingizi, wote wanajiwazia nafsi zao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala sisemi kila mgonjwa abakize titi. Uvimbe ukiwa mkubwa, ukiwa sehemu nyingi za titi, au titi likiwa limevimba na kuwa jekundu kwa saratani yenyewe, daktari huenda akashauri litolewe lote. Wengine hupewa dawa kwanza ili uvimbe upungue. Na yuko atakayechagua litolewe lote kwa utulivu wa moyo wake, naye aheshimiwe. Muhimu achague akijua.

Dada, kabla hujatia sahihi, muulize daktari:

1. Saratani yangu imefika hatua gani?
2. Je, naweza kutolewa uvimbe tu? Kama haiwezekani, kwa nini?
3. Mionzi nitaipata wapi, na kwa siku ngapi? (Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kwa wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo, dozi 5 kwa wiki moja hazikuwa duni kuliko 15 kwa wiki tatu.)
4. Tezi za kwapani zitafanywaje?

Siku chache za kuuliza si ucheleweshaji. Ucheleweshaji ni miezi ya kuficha uvimbe kwa aibu, na huo ndio unaotumalizia mama zetu.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi adabu ya kuwasikiliza. Amin.