Kushindana Si Kuchukiana

Sisi tukaao kando ya ziwa, tangu Kavimvira hata Kalundu, na kushuka kusini mpaka Makobola na Baraka, hatuna haja ya kufundishwa mtumbwi ni kitu gani. Watoto wetu wengi hushika kafi kabla ya kushika kalamu. Lakini juma hili twataka kuwapa habari za chombo cha namna nyingine na mashindano yake, kwa kuwa yana fundisho kwa vijana wetu wa shule, na kwa wazazi wao pia.

Huko Uingereza kuna vyuo vikuu viwili vya zamani, Oxford na Cambridge. Zamani za mwaka 1829, kijana mmoja wa Oxford, Charles Wordsworth, na mwenzake wa Cambridge, Charles Merivale, walikuwa marafiki tangu waliposoma pamoja shuleni Harrow. Wakapatana kwamba vyuo vyao vishindane kwa makasia. Cambridge wakaandika barua ya kuwaita wenzao, na tarehe 10 Juni mwaka ule wakakutana katika mto Thames, mahali paitwapo Henley. Oxford wakashinda. Baadaye Wordsworth akawa askofu wa Kianglikana, na Merivale akawa mkuu wa kanisa kuu la Ely. Angalieni basi jinsi mashindano hayo yalivyoanza: mama yao ni urafiki.

Tangu mwaka 1856 yamefanyika kila mwaka, isipokuwa wakati wa vita kuu mbili na mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wasichana nao walianza mwaka 1927, na tangu mwaka 2015 hushindana siku ileile na katika njia ileile ya wanaume. Njia yenyewe iko London, kutoka Putney mpaka Mortlake, nayo ni kilometa 6.8. Mshindi hapewi fedha. Vijana hao huamka alfajiri katika baridi kali kwa miezi mingi, kisha yote huisha kwa muda wa dakika ishirini hivi.

Sasa tutazame jinsi wanavyokaa chomboni. Mashua yao ni nyembamba sana, urefu wake karibu meta 18. Ndani wamo watu tisa. Wanane hupiga makasia, kila mmoja kasia moja kwa mikono yake miwili, naye hukaa juu ya kigoda kinachoteleza mbele na nyuma, ili nguvu za miguu zisaidie zile za mgongo na mikono. Wa tisa ni mshika usukani, ambaye kwa kawaida ni mdogo wa mwili.

Kwetu Tanganyika mpiga kafi hutazama aendako. Wale wanane huketi wakiupa mgongo mwisho wa safari yao, wasione ila maji waliyokwisha kuyapita. Mtu akiwaona washindani wake, ajue amewaacha nyuma. Asipowaona, ajue kwamba wao ndio walio mbele. Katika watu tisa, mmoja tu huiona njia, naye hapigi kasia hata moja. Wenye nguvu humtii aliye mdogo kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye mwenye kuona. Wazee wetu walisema kweli: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tena, aliye hodari kuliko wenzake akitaka kuonyesha uhodari wake kwa kupiga upesi zaidi, haisaidii mashua, bali huiyumbisha. Wavuvi wetu walijua neno hili bila kwenda chuo chochote. Mitumbwi inapofungwa pamoja usiku, taa zikawaka na ndagala wakakusanyika juu ya wavu, wote huvuta kwa pamoja. Upande mmoja ukichelewa, wavu hulala upande na samaki hutoroka. Mvuvi mwenye mikono ya chuma aliye peke yake hurudi nyumbani na kikapu kitupu.

Lakini fundisho kubwa zaidi liko katika kushindwa. Mwaka 1877 vyuo hivyo viwili vilifika pamoja, na mwamuzi akatangaza kwamba hakuna aliyemtangulia mwenzake. Mwaka 1912 mawimbi yalikuwa makali hata Cambridge wakazama, na Oxford nao, mashua yao ikiwa imejaa maji, wakalazimika kwenda ukingoni kuyamwaga. Hakuna aliyepewa ushindi siku ile. Wakarudia siku nyingine, na Oxford wakashinda. Mwaka 1951 Oxford ndio waliozama. Mbio zikarudiwa baada ya siku mbili, na Cambridge wakawashinda waziwazi. Kisha kuna desturi moja nzuri: aliyeshindwa ndiye anayemwita mshindi kwa mashindano ya mwaka unaofuata. Hakimbii, wala halalamiki, wala hatafuti mawe. Humwendea mwenzake na kumwambia, "Tukutane tena."

Vijana wetu, tuulizane kwa upole: je, mpira kati ya shule mbili za kwetu huisha hivyo sikuzote? Mara ngapi wimbo wa kushangilia umegeuka matusi, na matusi yakageuka mawe? Tangu mwaka 1996 nchi yetu hii ya kando ya ziwa imeona vita tena na tena. Mtoto aliyekulia humo hujifunza upesi mno kwamba mtu wa upande wa pili ni adui. Uwanja wa michezo waweza kumfundisha vingine: kwamba yule wa upande wa pili ndiye anayemfanya aamke mapema, ajizoeze, ajue nguvu zake. Asingekuwapo, angeshindana na nani?

Walimu wakipenda kuwashindanisha wanafunzi kwa mitumbwi, ni jambo jema, lakini wasisahau hatari. Wachague asubuhi iliyotulia, wakijihadhari na upepo wa kusini wa wakati wa kiangazi. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, na mtumbwi wa watu wazima uwe karibu. Hakuna ushindi unaostahili machozi ya mama mmoja.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo nyumbani, msianze kwa kumwuliza, "Mmeshinda?" Mwulizeni kwanza, "Mmewapa wenzenu mkono?" Asiyekubali kushindwa si mshindani.