NDOA YA BOMANI UINGEREZA: TUSICHANGANYE ADA YA MSAJILI NA KODI YA UKUMBI

 

Ndugu zetu Waislamu, kuna neno linalozungumzwa sana baina ya jamaa zetu waliohamia Uingereza, nalo hurudi huku nyumbani kwa njia ya simu na kupokewa bila ya kupimwa. Wanasema kuwa ndoa ya bomani kule inagharimu maelfu ya pauni, na kwa hiyo kijana asiye na uwezo afungiwe tu nikahi msikitini au sebuleni kwa mkwewe, na ile ya serikali ifuate mambo yatakapokaa sawa. Tumelipima neno hili. Tumeona lina kosa la hesabu, na nyuma ya kosa la hesabu limejificha jambo zito zaidi.

Asili ya kosa hili iko kwetu. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu. Kenya nayo imefanya hivyo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Sheikh aliyeidhinishwa akishafungisha na kujaza cheti, serikali haidai sherehe ya pili. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo akifika London au Leicester hudhani nikahi yake inabeba nguvu ileile. La hasha! Katika England na Wales nikahi peke yake, ikifungwa nje ya jengo lililosajiliwa na bila ya kufuata masharti ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1949, haimfanyi mwanamume na mwanamke kuwa mume na mke mbele ya dola. (Scotland ina sheria yake, na kule imamu aliyeidhinishwa anaweza kufungisha ndoa yenye nguvu kisheria.)

Sasa tuitazame hiyo gharama inayotisha watu. Kwa viwango vya mwaka 2025, kila mmoja wa wachumba hulipa pauni 42 kutoa taarifa ya kusudio la kuoana katika ofisi ya msajili ya eneo analoishi. Sherehe fupi ndani ya ofisi hiyohiyo, mbele ya mashahidi wawili, ni pauni 56. Nakala ya cheti ni pauni 12 na nusu. Jumlisha: pauni 152 na nusu. Pale ambapo mmoja wao ni mgeni asiye na ukaazi wa kudumu, ada ya taarifa huwa pauni 57 kwa kila mmoja, na jumla hupanda hadi pauni 182 na nusu. Hapa hapana maelfu hata kidogo.

Maelfu yanatoka wapi basi? Yanatoka ukumbini. Tangu sheria ilipobadilishwa katikati ya miaka ya 1990, ndoa ya kiserikali inaweza kufungwa katika hoteli au jumba la kifahari lililoidhinishwa na halmashauri. Anayetaka hivyo huwaita maofisa wawili wamfuate huko, mmoja wa kuendesha sherehe na mwingine wa kuandikisha, na ada ya safari yao hupangwa na halmashauri yenyewe. Mara nyingi ni mamia ya pauni, na Jumamosi na Jumapili huzidi siku za kazi. Juu ya hiyo kuna kodi ya ukumbi anayodai mwenye hoteli, ambayo msajili hana fungu ndani yake. Hata ofisi za wasajili zenyewe huwa na vyumba vikubwa vilivyopambwa, vyenye bei yake mbali. Muulizaji akipiga simu na kusema tu "nataka kufunga ndoa", anaweza kutajiwa bei ya chumba hicho asijue kuwa kipo kile kidogo cha pauni 56. Lazima akiulizie kwa jina lake: sherehe ya kisheria ya ofisini, siku ya kazi. Na aulizie mapema, kwani nafasi zake huwa chache, na baada ya taarifa kutolewa ni lazima zipite siku 28 kamili, ambazo kwa baadhi ya wageni zinaweza kurefushwa hadi 70.

Hapo ndipo tunaposhangaa. Familia ileile inayolalamikia pauni 152 hukodi ukumbi wa watu mia nne, magari ya fahari, mpambaji na mpiga picha wa video. Walima ni sunna na hatuupingi, bali tunauliza ni vipi fedha ya ua la mezani ipatikane na ya cheti cha binti yetu ikosekane.

Na tusifichane. Wapo wanaume ambao kwao ada ni kisingizio. Wanachokikimbia ni wajibu, kwani wanajua kuwa bila ya cheti mahakama haitawagawa mali siku ya kuachana. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya England iliamua kesi ya wawili waliofungishwa nikahi mwaka 1998 katika mkahawa wa Southall, London, mbele ya imamu na hadhara kubwa. Mke alikuwa akimkumbusha mume habari ya sherehe ya kiserikali, na haikufanyika. Wakazaa watoto wanne, wakaishi hata Dubai wakitambulika kuwa ni mke na mume. Walipotengana, mahakama hiyo ilisema kuwa kilichofanyika siku ile hakikuwa ndoa kwa sheria ya nchi, wala hata ndoa batili, na kwa hiyo mwanamke hakuwa na njia ya kudai mgao kama mke. Ni miaka mingapi ya kupika, kulea na kuvumilia imo humo!

Kifo nacho ni hivyohivyo. Mume akifa bila ya wasia, sheria ya mirathi ya kule haimpi moja kwa moja mwanamke asiyekuwa na cheti hata senti. Sheria ya Allah imemwekea mjane mwenye watoto thumni yake, na sisi kwa uzembe wetu tunamwacha mahali ambapo hata hiyo thumni hana mlango wa kuidai.

Wengine wametuuliza kama kutamka ahadi mbele ya msajili si kujinasibisha na ndoa ya makafiri. Tunajibu kuwa sherehe ile kwa sheria yao wenyewe haruhusiwi mtu kuingiza ibada ya dini yoyote, si ya kanisa wala ya msikiti. Ni mkataba na mashahidi, na umma ulioamrishwa katika Suratul-Baqara kuliandika deni haupaswi kuona tabu kuuandika mkataba wa ndoa. Nikahi, walii, mahari na khutba vinabaki mahali pake.

Neno letu la mwisho ni kwa kamati za misikiti. Wazazi walioko Mombasa, Tanga na Unguja wakiletewa posa kutoka kule, waombe kuiona taarifa ya kusudio kabla ya kutaja siku. Maimamu wa kule nao wasifungishe bila ya kuuliza habari ya cheti. Na liko jambo ambalo lingeondoa mashaka yote: sheria ya mwaka 1949 inaruhusu msikiti uliosajiliwa kuwa nyumba ya ibada usajiliwe pia kwa kufungishia ndoa, ili nikahi na uandikishaji vifanyike siku moja chini ya paa moja. Maombi yake yanahitaji uthibitisho wa watu wasiopungua 20 wenye makazi yao, kwamba jengo hilo ndipo wanaposwali. Safu ya kwanza ya Ijumaa inawatosha.