Sifa si Malipo

Katika arusi zetu hapa Munigi husikika nyimbo za kumsifu mke mwenye bidii. Aamka kabla ya jogoo, alima, atwanga, achota maji, wala hanung'uniki. Sisi wanaume ndio tupigao makofi kwa nguvu kuliko wote. Nami nauliza: twashangilia nini?

Wenyeji mwaijua nchi yetu. Twakaa juu ya mawe ya Nyiragongo; mvua ikinyesha, maji huzama mara moja, wala hakuna kijito. Bidoni moja ya lita 20 ni kilo 20, nayo hubebwa mgongoni, kamba ikikaza paji la uso. Moto wa mlima uliteketeza nyumba na mashamba mwaka 2002, ukarudi 2021. Bidoni ilibaki palepale, mgongoni mwa mama. Basi mwimbaji akiusifu mgongo huo asema kweli. (Ingawa angaliweza kubeba bidoni moja huku akiimba.)

Kosa ni la mume adhaniye kwamba aliyesifiwa amekwisha kulipwa. Mama auza maharagwe yake sokoni, jioni bwana anyosha mkono: "Lete hesabu." Fedha zaishia kwenye kasiksi. Akiulizwa, ajibu kwamba yeye ni kichwa cha nyumba. Zamani hata sheria ilimtegemeza: ile ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano yoyote ya kisheria. Sheria ya Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Ni wangapi kati yetu waliowaambia wake zao habari hiyo?

Wengine hujikinga kwa Biblia, wakimtaja mke hodari wa kitabu cha Mithali, sura ya 31. Vema, tuisome yote. Mke yule alichagua shamba akalinunua mwenyewe. Alipanda mizabibu kwa mapato yake. Aliwauzia wachuuzi mavazi aliyoyafuma. Tena aya ya mwisho kabisa yaagiza apewe matunda ya mikono yake. Lakini wanaume wengi hupenda kukomea kwenye ile taa isiyozimika usiku.

Je, tuache kuimba? La, imbeni sana. Ila wewe bwana arusi uchezaye mbele ya wageni, kabla ya kulala mwambie mkeo waziwazi fedha za maharagwe zitawekwa na nani, na bidoni ya kesho asubuhi itabebwa na nani.