Shemeji Yangu wa Karonga na Kifungu cha 11



Juzi kwenye kikao cha vijana hapa Iringa nilileta ajenda nikachekwa. Nilitaka tuzungumzie wanawake wa Kitanzania walioolewa na wageni. Kamanda mmoja akadakia, "Kwa hiyo sasa chama kiwatafutie wachumba wa nje?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka, maana jibu lilikuwa tamu. Ila nililala na donge kooni, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa Kyela. Dada yangu (ni mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada tu) ameolewa na mwanaume wa Karonga, Malawi. Anayeshangaa imekuwaje afike Kasumulu asimame pale mpakani. Upande huu wa mto Songwe ni Wanyakyusa, upande ule ni Wangonde, na wote wanalima mpunga na kusalimiana bila mkalimani. Mstari ule waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na hakuna babu yetu aliyeulizwa. Mahari ilipokelewa mbele ya wazee wa pande zote mbili, ndoa ikafungwa kanisani Mbeya, cheti kipo. Watoto wawili, raia wa Tanzania kupitia mama yao. Yaani nyumba ina raia watatu na mgeni mmoja, na huyo mgeni ndiye baba.

Sasa nije hapa Iringa. Jirani yangu ni mzee mstaafu wa Tazara, alikuwa stesheni ya Makambako enzi hizo bado ni mkoa wa Iringa. Mke wake alimtoa Mpika, Zambia. Mama yule ni raia wa Tanzania, anapiga kura, na kwenye kampeni ananishinda hata mimi kwa kelele. Nilimuuliza aliupataje uraia. Akasema alijaza fomu, akapeleka cheti cha ndoa, akahojiwa, akasubiri, akala kiapo. Basi.

Kilichotofautisha nyumba hizi mbili si mapenzi, wala si miaka ya ndoa. Ni Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Kifungu cha 11 kinasema mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia ana haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo, wakati wowote mumewe akiwa hai. Geuza sentensi, weka mwanaume wa kigeni aliyemuoa raia. Kifungu hakimjui. Anapangwa foleni moja na mgeni yeyote aliyekuja kutafuta maisha: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema na awe amechangia maendeleo ya taifa. Kwamba analea Watanzania wawili, hilo peke yake halimfungulii mlango.

Na hiyo miaka 7 anaikaaje? Kwa vibali. Shemeji ni fundi seremala, si mwekezaji wa Daraja A wala hana mwajiri wa kumwombea Daraja B. Dada akajitokeza kumdhamini. Wakaitwa kwenye usaili katika ofisi moja ya serikali nisiyoitaja, kila mmoja chumba chake. Mlikutana wapi? Mshenga alikuwa nani? Mahari ng'ombe wangapi? Mwenzio anaumwa nini mara kwa mara? Maswali hayo sina ugomvi nayo. Ndoa za karatasi zipo, tusidanganyane, na serikali yoyote makini lazima ichunguze. Lakini kabla hajatoka, dada akaulizwa swali la mwisho: "Kwani wanaume wa Mbeya wameisha?"

Nimemuuliza mzee wa Tazara kama yeye aliwahi kuulizwa iwapo wanawake wa Iringa wameisha. Alicheka mpaka akakohoa.

Halafu kuna kifungu cha 23, na hiki ningeomba kila kamanda akisome mwenyewe. Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali au kukataa ombi la uraia, na uamuzi wake hauendi mahakamani, si kwa rufaa wala kwa mapitio. Unajaza fomu, unatangaza gazetini, unahojiwa, faili linapanda ngazi kwa ngazi, mwisho unaambiwa hapana bila kuelezwa ulipokosea. Sisi wa upinzani tunajua vizuri uraia unavyoweza kugeuzwa fimbo. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge, si raia. Kama mtu mwenye jina lile liliweza kumkuta, fundi seremala wa Karonga atashika wapi?

Eti tukifungua mlango, wanaume wa nje watajaa na ajira zitaisha. Hoja hiyo Uingereza waliipeleka mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wanawake watatu waliokuwa wakiishi huko kihalali walikataliwa kukaa na waume zao, wakati mwanaume wa hali ileile alikuwa anamleta mkewe kwa urahisi zaidi. Mmoja wao, Nargis Abdulaziz, alizaliwa Malawi, nchi ya shemeji yangu. Serikali ikajitetea kwamba inalinda soko la ajira. Mei 1985 mahakama ikasema huo ni ubaguzi wa jinsia. Na Uingereza ikafanya nini? Ikawabana wote. Badala ya kuwalegezea waume, ikawakazia wake, ikaita usawa. Kwa hiyo tukidai, tudai kwa umakini, yule mama wa Mpika asije akapoteza alichonacho.

Mwaka huohuo wa 1985 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya 1977 nayo inakataza sheria ya kibaguzi, na jinsia imetajwa humo kwa jina. Wakenya waliliweka wazi kwenye Katiba yao ya 2010: mtu aliyedumu kwenye ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Wameandika "mtu", hawakuandika mke.

Ninachoomba ni hiki. Tunapozunguka na Katiba Mpya, mabango yetu yasiishie kwenye Tume ya Uchaguzi. Kifungu cha 11 kisomeke kwa mume na mke. Usaili uwe na maswali kuhusu ndoa, siyo kuhusu jinsia ya anayedhamini. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa. Wabunge hawafiki hapo bila sisi kupiga kelele, na kelele ndiyo kazi yetu.

Mwezi ujao kibali cha shemeji kinaisha. Dada ameshaanza kuweka pembeni hela ya mpunga kwa ajili ya ada, na wameitwa tena kuhojiwa. Kikao kijacho cha vijana Iringa ajenda hii narudi nayo, na safari hii ninakuja na Sheria ya Uraia mkononi.