Jiwe la Uani Lisiwagombanishe

Mwezi huu tuache kidogo habari za mitoko na zawadi, tuzungumzie jambo linalowakuta wengi wenu mnaojenga: jiwe kubwa lililojificha ardhini. Sisi wa Mwanza hatuna pa kukimbilia. Mji wenyewe unaitwa Rock City, na ukiliona lile jiwe la Bismarck lilivyosimama ziwani, unajua kabisa kwamba viwanjani nako kuna kazi. Haya ni mawe ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Sehemu laini zimeoza taratibu na kuwa udongo, zile ngumu zimebaki humo ndani zikitusubiri.

La kwetu lilikuwa nyuma ya nyumba, palepale tulipopanga kuchimba karo. Kwa juu lilionekana dogo tu, kama sufuria iliyofunikwa. Mume wangu akasema, "Hilo nalimaliza mwenyewe, wala usitafute mtu." Jumamosi ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Alfajiri yuko shimoni na mtaimbo. Viganja vimejaa malengelenge, mgongo unamuuma, na ukitaja fundi tu, ananuna.

Shoga zangu wakasema huo ni ubishi wa wanaume. Mimi niliona jingine. Kiwanja tulikinunua kwa mkopo wangu wa SACCOS. Saruji na mabati vilitoka kwenye mshahara wangu, maana mwaka ule wa kwake ulikuwa ukicheleweshwa kila mwezi. Jiwe lile ndilo kitu pekee ambacho angeweza kusema, "Hili nimelitoa mimi." Sasa ukimletea fundi, jamani, si unamwambia kwamba hata hilo utalilipia wewe?

Basi nikaacha kutaja fundi. Jioni moja nikamfuata na kipande cha nondo na nyundo. "Baba watoto, tulipime kwanza tujue tunapambana na nani."

Kupima ni rahisi. Unapigilia nondo ardhini, ukianzia karibu na jiwe na kwenda nje hatua kwa hatua. Ikigonga, unachomeka kijiti. Ikizama bila kugonga, hapo umeupita ukingo. Vijiti vyetu vilizunguka eneo la karibu mita 2 kwa moja na nusu. Tukachimba upande mmoja kuona kina, kikafika kama mita 1. Tukakaa na kalamu: graniti ya mita 1 ya ujazo ina uzito wa takriban tani 2.7. La kwetu lilikuwa na tani kama 8! Aliangalia ile karatasi, kisha akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. "Kumbe nilikuwa nabishana na lori!"

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua njia. Jiwe dogo unalichimbia pande zote, unaliinua kidogo kwa mtaimbo, unashindilia mawe madogo chini yake, unainua tena, mpaka linapanda lenyewe. Usisimame upande linakoweza kuviringikia. Kubwa linataka kupasuliwa. Wapasuaji wanatoboa mashimo kwenye mstari kwa tindo, wanaingiza kabari za chuma, wanazigonga moja baada ya nyingine kwa zamu, pole pole, mpaka mlio unabadilika na ufa unatokea. Wengine huwasha moto juu ya jiwe kisha hulimwagia maji baridi. Inafanya kazi, lakini vipande huruka, na wakitumia matairi moshi wake ni sumu kwenu na kwa majirani. Baruti waachieni wenye kibali.

Sisi tuliamua karo ihamie upande ambao nondo ilizama bila kugonga. Jiwe tukalipunguza hadi futi 2 chini ya ardhi, lililobaki tukalifukia udongo. Mume wangu ndiye aliyewatafuta wapasuaji, akapatana nao bei, akavaa miwani ya kukinga macho na kugonga kabari nao siku nzima. Vipande vikawa msingi wa ukuta wa uzio. Leo juu ya lile jiwe kuna mchicha, na wageni wakifika anawapeleka moja kwa moja kwenye ukuta. "Mawe haya nimeyapasua mwenyewe," anasema. Mimi natabasamu tu, maana ni kweli.

Kwa hiyo, wewe mwenye kiwanja na mwenzi mbishi: kabla ya kugombana kuhusu nani atalitoa, pimeni pamoja. Huenda hesabu ikawaonyesha kwamba jiwe halina haja ya kutoka lote, na kwamba ni karo au ua ndio wenye kusogea. Na mwenzi wako aking'ang'ania kufanya mwenyewe, muulize kwa upole anataka kuithibitisha nini kazi hiyo. Halafu mwachie sehemu ambayo ni yake kweli.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Na kabla ya kuchimba, nunueni glavu!